Kusoma kuta za kanisa kuu la Glendalough

Wageni wengi wa Glendalough, magofu ya monasteri ya kale kwenye milima ya Wicklow kusini mwa Dublin, Ayalandi, hukimbilia ule mnara mrefu. Mimi nashauri uanze na kanisa kuu lisilo na paa. Lizunguke kwa nje hadi magharibi, usimame mbali kidogo na mlango ili ukuta wote uonekane.

Angalia mawe. Kuanzia chini hadi kimo cha mlango ni mapande makubwa ya shisti, aina ya mwamba wenye matabaka, na juu ya hapo mawe yanakuwa madogo. Yale makubwa yalitolewa kwenye kanisa dogo la awali, yakajengewa upya hapa. Basi ukuta mmoja tayari una umri wa aina mbili.

Sasa nenda kwenye pembe, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kuta za ubavuni haziishii konani, bali zinachomoza kupita ukuta wa mlango. Inaaminika zilibeba mbao za ukingo wa paa, na kwamba wajenzi waliiga kwa mawe umbo la makanisa ya mbao. Kwenye Reefert, kanisa jingine la hapa karibu na Ziwa la Juu, kazi hiyo ilifanywa na mawe machache yaliyotokeza juu ya pembe. Kwa hiyo ukikuta kona haina kichomozo, inua macho kabla ya kuamua kwamba paa halikubebwa hivyo.

Mlango wa magharibi hauna tao, ni linta ya jiwe iliyolala juu ya miimo. Tao liko ndani, kuelekea altare. Hapo ndipo watu hukosea, wakaliona tao na kulihesabu kanisa lote kuwa la siku za Mtakatifu Kevin, mwanzilishi wa monasteri hii, ambaye mapokeo yanasema alifariki mwaka 618. Kumbe sehemu ya altare, pamoja na tao lake, na mlango wa kaskazini ni vya mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13.

Nakshi iliyofifia imulike kwa tochi kutoka ubavuni, kwani mwanga wa mbele huifuta. Usipake chaki wala kukwangua ukoga, maana hubanduka na ngozi ya jiwe. Vaa viatu vyenye meno: uwanja ni makaburi, ardhi ina mabonde, na shisti ikilowa huteleza sana. Ukimaliza, tembea hadi Reefert ulinganishe mlango wake wa graniti, ambao miimo yake inakaribiana kadiri inavyopanda.