Kampala–Kisoro si Nairobi–Mombasa

Juzi tena. Kijana kaingia gerejini kwangu hapa Kampala kutoka Nairobi, pikipiki inang'aa, masanduku ya pembeni yamejaa, anataka nimkazie cheni. Nikamuuliza kesho analala wapi. "Kisoro." Mji huo uko kona ya kusini-magharibi ya Uganda, jirani na Rwanda. Nikamuuliza tena: unaondoka saa ngapi? "Nikishakunywa chai, kama saa tatu hivi." Nikaweka spana chini.

"Kilomita ni kilomita"

Hesabu yake naijua kwa moyo, maana kila mgeni huja nayo. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480, Kampala hadi Kisoro ni hizo hizo au zaidi kidogo. Mombasa anafika jioni na chakula cha mchana Mtito Andei amekula. Basi na Kisoro atafika jioni.

Hafiki. Twende naye taratibu. Anatoka saa tatu, msongamano wa Ndeeba na Busega unamla karibu saa nzima, kwa sababu na masanduku yale hawezi kujipenyeza kama boda. Akishapita Kyengera anadhani sasa barabara ni yake, kumbe ndiyo anaingia kwenye matuta. Kila penye maduka kumi pana matuta: madogo manne yanayotikisa meno, halafu moja kubwa ambalo rangi yake ilifutika zamani. Pikipiki yenye mzigo huwezi kuirusha. Unashika breki, unashusha gia, unapanda, unaanza upya. Kayabwe atasimama kupiga picha kwenye mstari wa Ikweta. Wote huapa hawatasimama, wote husimama. Lukaya vijana watamkimbilia na nyama za vijiti na gonja, yaani ndizi za kuchoma, naye ana njaa. Masaka, kilomita 130 tu, anaifikia saa sita imepita. Mbarara saa tisa na nusu. Kabale jua linazama. Na bado zimebaki kama kilomita 80 za kona za milimani mpaka Kisoro, pengine na ukungu.

Hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu mtu anaponiambia "nitamalizia usiku, nina taa nzuri", najua hajawahi kuendesha usiku huku. Taa yako inakuonyesha wewe unakokwenda. Haikuonyeshi trela lililozimika katikati ya njia bila taa hata moja. Jioni moja nilikuwa narudi kutoka Kabale, nikaona kitawi cha majani kwenye lami, nikasema ni upepo. Mbele kidogo kingine. Cha tatu ndicho kilichonishtua: dereva aliyeharibikiwa hutandaza matawi kuonya walio nyuma yake. Nilisimama mahali ambapo ningenyoosha mkono ningeligusa bodi la trela lile. Mimi, fundi, mwenyeji, na matawi yale nimeyaona maisha yangu yote.

Kwa hiyo usipange kwa kilomita, panga kwa mwanga. Hapa tuko kwenye Ikweta, mchana una urefu wa kama saa kumi na mbili mwaka mzima. Jua huchomoza kabla kidogo ya saa moja asubuhi, huzama karibu na saa moja jioni, na giza halibishi hodi. Kipimo changu ni kilomita 250 hivi kwa siku kwenye lami, 120 kwenye vumbi, na saa kumi jioni pikipiki iwe imeegeshwa. Kampala hadi Mbarara ni kama 270, basi lala Mbarara. Kuna mteja aliyenishutumu kwamba nina ndugu mwenye loji kule. Sina. Mwingine akanionyesha simu: ramani imesema inawezekana kwa siku moja. Simu haikai kwenye kiti.

"Ni Ikweta, kuna joto tu"

Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi yake vidole vinakataa kushika klachi. Beba sweta na koti la kuzuia upepo, la sivyo utalitafuta kwenye mitumba.

"Pikipiki kubwa haiharibiki"

Huharibika kama nyingine, ila spea zake hazipo. Boxer ya boda utapata tyubu yake, waya wake wa klachi na fundi wake hata kwenye kituo cha vibanda vitano. Tyubu ya inchi 21 ya tairi lako la mbele utaiona labda Kampala. Basi ibebe mwenyewe, pamoja na pampu.

"Bima ninayo"

Unayo ya nyumbani. Ukivuka mpaka wa Busia kutoka Kenya au Mutukula kutoka Tanzania unahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya kuvuka mipaka ya jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Watanzania nao wamo, ingawa nchi yao si mwanachama wa COMESA. Kaichukue kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Na ujue inalipa madhara unayowafanyia wengine, si pikipiki yako. Kama kadi ya pikipiki haina jina lako, beba barua ya mwenye pikipiki.

"Kiswahili kitanitosha"

Baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2022, lakini bibi anayeuza ndizi Lyantonde hakuhudhuria kikao. Jifunze salamu: "oli otya" kwa Kampala na "agandi" ukishafika magharibi. Ssebo (bwana) na nnyabo (bibi) usiziache popote.

"Nikitoka Kisoro naingia Rwanda naendelea"

Unaendelea, lakini ng'ambo ya mpaka wa Cyanika wanaendesha kulia, na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mpakani hutakosea, kwa sababu magari mengine yatakuongoza. Utakosea kesho yake asubuhi, unapotoka sheli na barabara ni tupu. Ndiyo maana wateja wangu wanaokwenda huko nawabandikia utepe mwekundu kwenye tangi, upande wa kulia, pale macho yanapoangukia ukiwasha injini. Ukirudi Uganda, ubandue.