Pointi Moja Kati ya C na C+: Gredi Inapima Nini Hasa?

Pointi 45 kati ya 84 ni C. Pointi 46 ni C+. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, pointi hiyo moja ndiyo kizingiti cha chuo kikuu: mwenye 46 anaweza kuomba kozi ya digrii kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni; mwenye 45 hawezi. Kila matokeo yakitangazwa, wazazi hupanda ngazi hadi idara yetu ya upimaji na tathmini, karatasi ya matokeo imekunjwa mkononi. Mara ya mwisho alikuwa mama mmoja kutoka Kayole, na mwanawe nyuma yake. "Mwalimu," aliniuliza kabla hata hajaketi, "huyu kweli ni wa C?"

Tuitafute pointi hiyo ilikotoka. Gredi ya wastani ni jumla ya masomo saba, kila somo likibeba pointi 1 hadi 12. Ukipanda gredi moja katika somo moja tu, jumla yako imepanda kwa pointi moja. Na gredi ya somo nayo ina mpaka wake; ukikosa alama moja ya kuuvuka, umekosa.

Alama moja hutoka wapi? Chukua karatasi ya kwanza ya Kiswahili: insha mbili, kila moja alama 20. Insha ya kiwango cha C hupata 6 hadi 10, ya B 11 hadi 15, ya A 16 na zaidi. Huwa nawapa wanafunzi wangu, ambao ni walimu watarajiwa, nakala ya insha moja waisahihishe kila mtu kivyake. Safari moja ilikuwa insha ya "Mchagua jembe si mkulima". Mmoja alitoa 9, akisema kisa kimezunguka mno kabla ya kuigusa methali. Jirani yake kwenye dawati alitoa 14, maana lugha ilimkosha. Walibishana mpaka kipindi kikaisha, na kusema kweli kila mmoja alikuwa na hoja.

KNEC, baraza la mitihani la Kenya, wanalijua tatizo hili. Ndiyo maana watahini hufunzwa, hukubaliana kuhusu mwongozo kabla ya kuanza kazi, na viongozi wao hupitia tena baadhi ya karatasi. Utaratibu huo hupunguza pengo sana. Lakini 9 na 14 zikisogea zikawa 11 na 12, hayo ni mafanikio makubwa. Kuzifanya ziwe sawa kabisa kila mara, kwa insha, haiwezekani. Kwa hiyo mimi huiamini gredi inaponiambia kwamba mwenye A na mwenye D hawakuonyesha uwezo sawa katika mtihani ule. Inaponiambia kwamba wa 46 anaweza kuliko wa 45, siiamini. Na hapo kati ya hao wawili ndipo tulipojenga ukuta.

Gredi hubeba na mengine yasiyo ya mtoto. Mwaka 2015 waliopata A katika KCSE walizidi 2,600. Mwaka uliofuata, ulinzi wa mitihani ulipokazwa, walikuwa 141. Sidhani kuna anayeamini kwamba watoto wa Kenya walipoteza akili ndani ya miezi 12. Tena kuanzia mtihani wa 2023, wastani hukokotolewa kwa Hisabati, lugha moja na masomo matano mengine aliyofanya vizuri zaidi. Awali mtahiniwa alihesabiwa Kiingereza, Kiswahili na sayansi mbili, apende asipende. Karatasi zile zile, kanuni mbili, gredi mbili.

Halafu kuna maabara. Karatasi ya tatu ya Kemia ni ya vitendo, alama 40. Mtoto aliyesoma shule yenye bureti, lile bomba la kioo la kudondoshea kimiminika, kwa kila meza anaijua ile tone ya mwisho inayobadilisha rangi, mkono wake umeizoea. Nimeingia shule ya kutwa huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, nikakuta wanafunzi wanane wamezunguka bureti moja, wawili wakipima na sita wakinakili majibu. Siku ya mtihani wote hupewa swali lile lile.

Mtaala mpya umejaribu kutawanya mzigo. Katika kuingia sekondari ya juu, KJSEA, mtihani wa darasa la 9, hubeba asilimia 60, KPSEA, ule wa darasa la 6, asilimia 20, na tathmini za shuleni asilimia 20 zilizobaki. Ni hatua nzuri, kwa sababu asubuhi moja ya homa haifuti miaka mitatu. Ila tusisahau miradi ya shule inayokamilishwa na baba kwenye saiba saa mbili usiku. Sijui hapo tunampima nani.

Nikaikunjua karatasi ya yule kijana. Hisabati D. Kiswahili B+, Biashara B, Kilimo B-, kisha C, C- na D+. Jumla 45. Mama alikuwa ameisoma herufi moja tu, ile ya wastani. Nikamwuliza kijana, si mama, B ya Biashara aliipataje. Akatazama chini, akasema yeye ndiye anayeandika daftari la wateja wanaokopa kwenye kibanda cha mboga tangu kidato cha pili. "Hata wanaokataa deni," mama akadakia, "yeye huwaonyesha tarehe."

Diploma nyingi huanzia C-, na mwenye diploma anaweza kuendelea hadi digrii. Tulipekua orodha ya kozi kwa karibu nusu saa. Walipokuwa wakishuka ngazi nilisikia wangali wakibishana, mama akitaka uhasibu, kijana akitaka ununuzi na ugavi.