Maumivu Si Kipimo: Dhana Potofu Kuhusu Tumbo na Wakati wa Kumwona Bingwa

Hapa Kigoma, mjini na katika vijiji vya kando ya ziwa, mtu anayelalamika tumbo huulizwa kwanza kama linauma sana. Akisema haliumi sana, huambiwa avumilie. Akisema linauma mno, hutafutiwa nauli. Swali hilo ni la huruma, lakini likitumiwa kuamua nani aonwe na daktari bingwa wa mfumo wa chakula na ini, linapotosha kwa pande zote mbili.

Dhana: Maumivu makali ndiyo ya bingwa.
Mwaka 2015 kipindupindu kilipozuka katika kijiji cha Kagunga miongoni mwa wakimbizi waliotoka Burundi, wagonjwa walihitaji maji yenye chumvi na sukari, dripu na haraka, mambo ambayo muuguzi aliyefunzwa anayaweza. Kidole tumbo nacho, ambacho maumivu yake mara nyingi huanzia kitovuni kisha yakahamia chini upande wa kulia, kinamtaka daktari wa upasuaji siku hiyohiyo. Kumkanda mgonjwa huyo kwa mawese ni kumpotezea saa asizonazo. Magonjwa yanayomhitaji bingwa zaidi, kinyume chake, mengi huanza polepole na bila kelele.

Dhana: Chakula kikikwama, meza tonge kubwa kitashuka.
Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Saratani ya umio, yaani njia inayopeleka chakula tumboni, inaonekana kwa wingi katika ukanda wa mashariki mwa Afrika unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, nasi tumo humo. Dalili yake hufuata mpangilio ambao mama yeyote wa nyumbani angeweza kuutambua: kwanza ugali wa muhogo unakwama kifuani na mgonjwa anaanza kuusukuma kwa maji; baada ya wiki kadhaa anauacha na kuomba wali au ndizi; kisha anabaki na uji; mwishowe hata maji yanarudi. Kwa kuwa anabadilisha chakula kidogo kidogo, jamaa huona kwamba amekuwa mchaguzi tu, na kukonda kwake kunasingiziwa mawazo. Vyakula vigumu huanza kukwama umio ukiwa tayari umebana sana, hivyo ugali unapokwama mara kwa mara ndio wakati wa kuomba rufaa, bila kungoja zamu ya uji. Wala ujana si kinga, maana katika ukanda wetu ugonjwa huu huwapata hata watu wenye umri mdogo. (Wapenzi wa kahawa na chai wavumilie neno moja: mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliainisha vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kuwa huenda vinasababisha saratani hii. Kosa ni la moto, si la kahawa.)

Dhana: Nina vidonda vya tumbo tangu zamani, dawa yangu naijua.
Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kupimwa. Waliungulia, wakapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, dukani, wakapata nafuu, na nafuu ikageuzwa kuwa jina la ugonjwa. Vidonda hivyo havitokani na pilipili wala njaa. Mwaka 1982, katika mji wa Perth nchini Australia, Barry Marshall na Robin Warren walimwotesha maabara bakteria anayeitwa *Helicobacter pylori*, na mwaka 2005 walitunukiwa Nobeli kwa kazi hiyo. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo mkulima au mvuvi mwenye maumivu ya mgongo hununua kama peremende. Bakteria hutibiwa kwa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14, na si kwa maziwa, ambayo hutuliza kidogo kisha yakachochea asidi upya. Omeprazoli inayomezwa miezi mingi bila uchunguzi inaweza kuficha dalili za saratani ya tumbo, na pia hudanganya kipimo cha bakteria huyo. Ndiyo maana mtu hutakiwa kuiacha wiki mbili kabla ya kupima. Anayetumia dawa hizo akaanza kupungua uzito, kutapika mara kwa mara, kuishiwa damu, au kushiba baada ya matonge mawili, amekwisha kuvuka mipaka ya duka la dawa.

Dhana: Damu kwenye choo ni bawasiri.
Mara nyingi ni kweli, na hapo ndipo hatari ilipojificha. Mtu mzima ambaye mwendo wa choo chake umebadilika kwa wiki kadhaa huku damu ikionekana anahitaji kuangaliwa utumbo mpana, si kukatwa kinyama uani kwa mganga. Choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali ni damu iliyotoka juu, kama tumboni, na mgonjwa apelekwe hospitali hata kama haumwi. Vidonge vya kuongeza damu vya wajawazito pia husababisha weusi, lakini si ule wa kunata.

Dhana: Anayetapika damu ghafla amerogwa.
Kichocho cha utumbo kipo katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, na uangavu wa maji yetu haumzuii konokono anayekibeba. Mayai ya minyoo ya kichocho hunasa kwenye ini kwa miaka, ini likafanya makovu, bandama likavimba, na mishipa ya umio ikajaa damu hadi ipasuke, mara nyingi bila maumivu yoyote. Prazikwanteli huua minyoo, lakini mishipa iliyokwisha kutuna inahitaji kufungwa na bingwa kwa kutumia mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni.

Dhana: Kamera ni ya wanaokaribia kufa.
Ni mpira laini wenye unene wa takriban sentimita moja, unaopitishwa mdomoni baada ya koo kupuliziwa dawa ya ganzi, kwa mgonjwa aliyefunga kula kwa saa sita au zaidi. Kazi yenyewe kwa kawaida ni ya dakika chache. Rufaa hupanda kutoka zahanati hadi hospitali ya mkoa ya Maweni, na ikibidi hadi hospitali ya Bugando kule Mwanza au Muhimbili kule Dar es Salaam. Anayesafiri abebe karatasi zote za vipimo vya zamani na pakiti za dawa alizomeza, zikiwemo mitishamba na zile diklofenaki za dukani, kwa sababu daktari ataziuliza kabla hajagusa tumbo.