Tár: mamlaka ya kondakta yanakaa wapi

Tangu filamu ya Tár itoke mwaka 2022, watu wakishajua kwamba ninaongoza okestra huniuliza kama mambo huwa vile kweli. Wengi wao huwa wanawaza mikono ya Cate Blanchett, anayemwigiza kondakta Lydia Tár: ile miduara mikubwa, kijiti kinavyochoma hewa, nywele zinavyoruka. Mikono nitaimaliza haraka. Kilichonifanya niitazame tena na tena ni kitu kingine ambacho filamu za muziki kwa kawaida hazina habari nacho, yaani karatasi: fomu za usaili, barua za mapendekezo, ratiba, orodha ya nani atapiga nini. Kondakta, yaani mwongozaji wa okestra, akitaka kumwumiza mtu, huanzia kwenye kalamu. Kama hujaiona filamu, ujue nitaisimulia hadi mwisho.

Lydia Tár ni Mmarekani anayeongoza okestra kubwa ya Berlin. Amebakiza Simfoni ya Tano tu kumaliza kurekodi simfoni (kazi ndefu za okestra) zote za mtunzi Mahler na okestra hiyo. Mwenzi wake, Sharon (Nina Hoss), ndiye mpiga fidla kiongozi wa okestra hiyohiyo, na wanalea binti pamoja. Msaidizi wake ni Francesca (Noémie Merlant), naye ni kondakta anayesubiri nafasi. Pembeni, karibu kila mara nje ya picha, yuko Krista, kijana aliyepitia mpango wa Tár wa kuwalea makondakta wa kike. Krista anajiua, na siri zinaanza kutoka moja baada ya nyingine. Todd Field, aliyeiandika na kuiongoza, alikuwa hajatoa filamu kwa miaka 16. Hii ina dakika 158, na orodha ndefu ya mafundi na wasaidizi ambayo kwa kawaida huwekwa mwishoni, yeye ameiweka mwanzoni. Naona ni makusudi: kabla hujamwona mtu mkubwa, kwanza uwasome wanaombeba.

Haya, mikono. Blanchett alijifunza kuongoza, akapiga piano mwenyewe, na okestra iliyo mbele yake ni Dresden Philharmonic ya kweli, wakiwa katika ukumbi wa Kulturpalast mjini Dresden. Kwa ladha yangu anatumia mwili kupita kiasi, ingawa nimewaona makondakta maarufu wanaoruka zaidi yake. Jambo gumu amelipata. Pigo muhimu kuliko yote halisikiki: ni lile la kabla ya noti ya kwanza, pale kondakta anapovuta pumzi na kunyanyua mkono. Katika tendo hilo dogo wanamuziki husoma kasi, ukubwa wa sauti, hata ukali au ulaini wa noti inayokuja. Mwigizaji asiyeelewa hupiga hewa baada ya sauti kutoka, kama anayecheza muziki wa redio. Blanchett anatangulia. Tena yuko mbele ya wanamuziki wa Kijerumani, ambao wana desturi ya kutoa sauti nyuma kidogo ya pigo. Kondakta mgeni asiyelizoea hilo hudhani hawamfuati, akaanza kuwasukuma, na hapo ndipo anapoharibu kila kitu.

Mamlaka halali ya kazi hii ni juu ya wakati, na Tár anaeleza hivyo mwenyewe katika mahojiano ya mwanzo mbele ya hadhira ya New York. Si majivuno matupu. Chukua Adagietto, sehemu ya nne ya hiyo Simfoni ya Tano, ambayo Mahler aliiandika mwaka 1901 na 1902. Ni nyuzi na kinubi tu. Kondakta Bruno Walter aliirekodi mwaka 1938 kwa muda usiofika dakika nane. Wapo walioivuta hadi kupita dakika kumi na moja. Noti ni zilezile. Ikienda upesi ni barua ya mapenzi kwa Alma, mke wa Mahler. Ikivutwa inakuwa msiba, kama watu walivyoizoea tangu kondakta Leonard Bernstein alipoiongoza kwenye ibada ya mazishi ya mwanasiasa wa Marekani Robert Kennedy mwaka 1968. Tár anachagua mapenzi. Anayeweza kuwafanya watu mia moja wakubali kwamba jambo moja ni harusi na si matanga ana nguvu ya kutisha, na bado hajafanya kosa lolote.

Kosa linaanzia kwenye usaili.

Wengi hawajui kwamba Berlin Philharmonic, iliyoanzishwa mwaka 1882, humchagua kondakta wake mkuu kwa kura za wanamuziki wenyewe, na wao ndio huamua mwanamuziki gani mpya aingie. Ukuta huo ulijengwa dhidi ya mtu kama Tár. Mwaka 1982, mwaka uleule ambao okestra hiyo ilimwajiri mwanamke wa kwanza, mpiga fidla Madeleine Carruzzo, kondakta wake mkuu, Herbert von Karajan, alimtaka mpiga klarineti Sabine Meyer. Wanamuziki wakapiga kura: 73 wakamkataa, 4 wakamkubali. Karajan, aliyekuwa amewaongoza kwa zaidi ya robo karne, alilazimisha apewe kipindi cha majaribio, na uhusiano wao haukupona tena. Meyer mwenyewe akaondoka kabla haijapigwa kura ya mwisho, akajenga jina kubwa kama mpiga solo. Mpaka leo watu hubishana kama walimkataa kwa sauti yake, kwa jinsia yake, au kwa sababu tu Karajan ndiye aliyemleta. Mimi naamini hiyo ya tatu ilitosha peke yake.

Sasa tazama Field anavyofanya. Anatafutwa mpiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa. Wanaosailiwa wanapiga nyuma ya pazia ili majaji wasimjue mtu. Desturi hiyo ilienea sana Marekani kuanzia miaka ya 1970, na sehemu nyingine hutandikwa hadi zulia, kwa sababu mlio wa viatu jukwaani unaweza kumtambulisha mwanamke. Kabla ya zamu hiyo, Tár amepishana na msichana wa Kirusi, Olga, chooni. Baadaye anaviona viatu vyake chini ya pazia. Anarudi kwenye karatasi yake na kubadilisha alama.

Hakuna anayepiga kelele, na muziki wa kutisha hausikiki. Kilichopo ni penseli tu. Nilipoiona sehemu hiyo mara ya kwanza nilisimamisha filamu, kwa sababu nimekaa kwenye meza za aina hiyo na najua kwamba hakuna kanuni inayoweza kumzuia mtu asigeuze 7 kuwa 9. Na jambo linalochoma zaidi ni kwamba Olga anapiga vizuri kweli. (Anaigizwa na Sophie Kauer, mpiga selo halisi, na inaonekana kwenye kila mshiko wa upinde.) Upendeleo ungekuwa rahisi kuushika kama anayependelewa angekuwa hajui kitu.

Kisha Tár anatangaza kwamba pamoja na Mahler watapiga konseto ya selo ya mtunzi Elgar, yaani kazi ya mpiga selo mmoja mbele ya okestra nzima. Kazi kama hiyo hupewa mgeni mashuhuri, au kiongozi wa safu ya selo wa okestra yenyewe. Yeye anaamuru usaili ulio wazi kwa safu nzima. Ni haki iliyoje! Ila anajua kwamba wakongwe hawatajitokeza kushindana na kiongozi wao, na anajua kwamba Olga ameizoea konseto hiyo. Huo ndio ufundi wa hila katika taasisi: usiivunje kanuni, ipanue mpaka ipitishe umtakaye. Utazame uso wa yule kiongozi wa selo tangazo linapotolewa. Ni sekunde chache tu, lakini kila aliyewahi kukaa kwenye okestra ameuona uso ule.

Sebastian, kondakta msaidizi mzee, anaondolewa kwa mazungumzo ya upole. Francesca, aliyevumilia mengi akisubiri nafasi hiyohiyo, ananyimwa. Kazi ya Krista iliuawa kwa njia ya barua pepe: Tár aliziandikia okestra nyingi akizionya zisimwajiri. Nchi tofauti, wakubwa tofauti, mlango uleule umefungwa. Kazi yetu huishi kwa mapendekezo ya watu wachache wanaofahamiana, kwa hiyo mmoja wao akinong'ona vibaya, kijana hupotea bila hata kujua aliyemzika.

Ile sehemu ya chuo cha muziki cha Juilliard, ya karibu dakika kumi bila kukatwa, ambapo Tár anabishana na mwanafunzi asiyemtaka mtunzi Bach, imeshajadiliwa mno, nami sina la kuongeza ila moja. Acha hoja zao, tazama mguu wa kijana huyo. Unatikisika muda wote. Ni mwendo ambao Tár hautawali, na unamkera kuliko maneno yake. Kuanzia hapo filamu inamshambulia kwa mapigo yasiyo yake: metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) inayolia usiku ndani ya kabati bila kujulikana nani ameiwasha, mngurumo wa jokofu, mayowe msituni anapokimbia. Hildur Guðnadóttir, mtunzi wa muziki wa filamu, ameandika kwa kujizuia sana. Wakati mwingine huna hakika kama ulichosikia ni muziki au ni nyumba.

Anapoporomoka, anaporomoka kwenye mwanzo wa Simfoni ya Tano. Mwanzo huo ni wa tarumbeta moja peke yake, na Mahler ameagiza zile noti tatutatu zipigwe kwa haraka kidogo kama milio ya jeshini, kwa hiyo makondakta wengi humwachia mpigaji. Tár, aliyekwisha kuondolewa kazini, amesimama nyuma ya jukwaa kando ya mpiga tarumbeta, kisha anatoka mbio na kumvamia kondakta aliyechukua nafasi yake. Mwishoni tunamkuta katika nchi ya Asia isiyotajwa jina, akiongoza muziki wa mchezo wa video mbele ya mashabiki waliovaa kama wahusika wake. Wengi wanacheka mavazi. Mimi nilitazama vifaa anavyovaa masikioni. Katika maonyesho yanayoendana na picha, kondakta husikia mlio wa kumhesabia mapigo, na hana ruhusa ya kuwahi wala kuchelewa. Kazi hiyo ni ngumu na ya heshima, wenzangu wengi wanaiishi. Kwa huyu tu ni adhabu.

Kondakta Marin Alsop, mwanamke wa kwanza kuongoza usiku wa mwisho wa tamasha la Proms la London, mwaka 2013, alisema wazi kwamba filamu ilimuudhi: makondakta wanaume waliotuhumiwa kweli ni wengi, lakini walipoamua kutengeneza filamu wakamweka mwanamke. Malalamiko yake nayaona ya haki, hasa kwa kuwa maisha ya Tár yanafanana na yake kwa mengi yanayoonekana. Lakini Tár angekuwa mwanaume tungemtambua baada ya dakika tano, na tusingeitazama ile penseli.

Ugomvi wangu na Field uko kwingine. Krista hatumwoni akifanya kazi. Tunaona nywele zake kwa nyuma, tunasikia barua zake, tunaambiwa ameharibiwa. Ningempa dakika tano mbele ya okestra, hata ya wanafunzi, aongoze kitu chochote. Tungejua kama Tár alizima kipaji, au kama alimwogopa.