Gettysburg: Mapigano Hayakuzuka kwa Sababu ya Viatu

Wageni wanaozuru uwanja wa mapigano wa Gettysburg, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, husimuliwa mara nyingi kwamba mapigano ya tarehe 1 hadi 3 Julai 1863 yalizuka kwa sababu askari wa Kusini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kati ya Kusini na Kaskazini, waliokuwa wakitembea pekupeku, walikifuata kiwanda cha viatu mjini humo. Kiwanda hicho hakikuwapo. Ni kweli kwamba Jenerali Henry Heth wa Kusini aliandika katika ripoti yake kuwa tarehe 30 Juni alituma brigedi kutafuta mahitaji, hasa viatu. Lakini wenzao walioongozwa na Jenerali Jubal Early, wa Kusini pia, walikuwa wamekwisha kupita hapo siku nne kabla, wakadai viatu na vyakula, wasipate cha maana.

Sababu yenyewe huonekana zaidi kwenye ramani. Barabara takriban kumi zilikutana Gettysburg, na Jenerali Robert E. Lee, kamanda wa jeshi hilo la Kusini, baada ya kuarifiwa kwamba jeshi la Kaskazini limevuka Mto Potomac, alikuwa ameamuru vikosi vyake vilivyotawanyika vikusanyike upande huo. Kwa hiyo ziara ianzie McPherson Ridge, magharibi ya mji, ambako wapandafarasi wa Kaskazini wa Jenerali John Buford waliizuia divisheni ya Heth asubuhi ya siku ya kwanza.