Injini inagonga au inamisi? Maana ya maneno mawili ya gereji

Mwenye gari la zamani akifika gereji, malalamiko yake huwa mojawapo ya haya: "Fundi, injini inagonga," au "Fundi, inamisi." Wengi huyachanganya maneno hayo, wakiamini yote yana maana ya injini mbovu tu. Kumbe ni maradhi mawili yenye tabia tofauti kabisa. Injini inayogonga ina moto unaowaka kwa fujo ndani ya silinda. Inayomisi ina silinda ambayo moto wake hauwaki, au unawaka mara moja na kuruka mara mbili. Ukitibu moja kwa dawa ya jingine, unaharibu injini nzima kwa mikono yako.

Nitaeleza kwa kutumia Peugeot 504, gari ninalolipenda na ambalo barabara zetu zinalifahamu. Lilizinduliwa mwaka 1968. Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally mwaka 1975, na Jean-Pierre Nicolas akashinda tena mwaka 1978 kwa lile la milango miwili lenye injini ya V6. Kenya iliendelea kuyaunganisha miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kutengeneza saluni mwaka 1983, na watu waliosafiri mikoani kwa teksi za 504 ndefu za abiria saba bado wanazikumbuka. Injini yake ya kawaida ya petroli ina silinda nne, kwanza 1,796 cc kisha 1,971 cc, pamoja na distributa ya pointi, yaani kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi. Haina kompyuta ya kukuambia kosa liko wapi, kwa hiyo sikio lako ndilo kipimo cha kwanza.

Tuanze na kugonga. Pistoni, chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ikipanda inabana mchanganyiko wa hewa na petroli. Muda mfupi kabla haijafika juu kabisa, plagi inapiga cheche. Moto unaanzia hapo kwenye plagi na kusambaa kuelekea kingo za silinda kama moto unavyotembea kwenye nyasi kavu: kasi ni kubwa, lakini una mwendo na mpangilio. Sasa, mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao moto haujaufikia, unazidi kubanwa na kupata joto. Joto likizidi, unajilipukia wenyewe wote kwa pamoja. Mshindo huo unapiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni, nawe unasikia mlio mkali kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Huko ndiko kugonga.

Oktani ya petroli hupima jambo hilo hilo, yaani uwezo wa mafuta kuvumilia kubanwa bila kujilipukia. Mwaka 1921, Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba madini ya risasi yakichanganywa kwenye petroli yanazuia kugonga, na dunia ikayatumia kwa miongo mingi licha ya sumu yake. Afrika kusini mwa Sahara iliyaondoa kufikia mwanzoni mwa 2006. Magari kama 504 yalibuniwa enzi ya risasi, lakini leo kinachoamua kama yatagonga ni oktani ya petroli uliyotia, pamoja na taimingi, yaani wakati plagi inapopiga cheche.

Kuna jambo ambalo wamiliki wa Nairobi wanapaswa kulijua kabla ya kushuka Mombasa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Silinda inavuta hewa kidogo, shinikizo linakuwa dogo, na injini haigongi kwa urahisi. Fundi wa Nairobi anaweza kusogeza taimingi mbele ili gari lipate nguvu, na kabureta ikawekewa jeti (vitundu vya kupitisha petroli) ndogo. Likifika pwani, kwenye hewa nzito, silinda inajaa, shinikizo linapanda, na zile jeti ndogo sasa zinatoa petroli pungufu kwa hewa iliyopo. Gari lililokuwa kimya juu linaanza kugonga kwenye kila mlima mdogo. Hakuna kilichovunjika. Linahitaji kutegwa upya kwa ajili ya pwani.

Kuthibitisha ni rahisi. Liendeshe polepole kwa gea ya tatu au ya nne, ukutane na mlima, kisha kanyaga mafuta. Mlio ukitokea hapo na kunyamaza mara tu unapoachia, huko ni kugonga kwa moto. Rudisha taimingi nyuma kidogo kwa kuzungusha distributa, angalia radieta na feni, uliza petroli ilitoka wapi. Usirudishe kupita kiasi, maana injini itakosa nguvu na eksozi itachemka. Na kama injini inaendelea kunguruma baada ya kuzima ufunguo, fikiria kaboni iliyoganda ndani na kugeuka kaa la moto.

Lakini si kila mlio ni kugonga kwa moto. Mlio mwembamba wa tik-tik unaosikika hata gari likiwa limesimama, na kwenda nusu ya mwendo wa injini, ni tapeti, zile zinazosukuma valvu zifunguke, zenye nafasi kubwa. Mlio mzito unaotoka chini ni wa kuogopwa: huenda beringi ya konrodi, fimbo inayoshika pistoni kwa chini, imekwisha. Ondoa moto wa silinda moja moja; ukifika kwenye silinda yenye beringi mbovu, mlio unapungua kwa sababu pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Hapo zima gari, usiliendeshe hata mpaka nyumbani.

Kumisi ni kitu kingine. Gari linatetemeka likiwa limesimama, eksozi inatoa mlio wa pu-pu-puf usio na mpangilio, na petroli isiyoungua inanuka nyuma. Kwanza tafuta silinda iliyolala. Injini ikinguruma taratibu, ondoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo yenye mpini wa mpira, na uweke ncha yake karibu na chuma ili koili inayotengeneza umeme wa cheche isiumie. Silinda isiyo na ubovu ikikatwa, injini inadhoofika papo hapo. Ile ambayo ukiikata hakuna kinachobadilika ndiyo iliyolala.

Hapa 504 ina mtego. Peugeot inahesabu silinda ya kwanza kuanzia upande wa flaiwili (gurudumu zito lililo nyuma ya injini), karibu na dereva, siyo upande wa radieta kama magari mengi. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Nimeona gari lililofunguliwa silinda isiyo na hatia kwa sababu fundi alihesabu kutoka mbele.

Ukishaijua silinda, hamishia hapo plagi ya jirani. Ubovu ukihama na plagi, umemaliza kazi kwa bei ya plagi moja. Usipohama, kagua waya, kifuniko cha distributa kama kina ufa, na nafasi ya pointi. Kwenye 504, plagi zimezama ndani ya mashimo marefu. Oili au maji yakiingia humo, cheche inavujia pembeni.

Cheche ikiwa nzuri, pima kompresheni, yaani shinikizo la kila silinda, kwa geji yake. Fungua plagi zote, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata. Nairobi namba zote zitakuwa chini kuliko Mombasa, kwa hiyo angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini kwa zaidi ya asilimia 15, tia kijiko cha oili ndani yake, upime tena. Ikipanda, ringi (pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda) zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi inayoziba chini ya hedi, kichwa cha injini. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi iliyoungua katikati yao. Zote zikiwa sawa na bado inamisi, tafuta mahali manifoldi, bomba la kuingizia mchanganyiko kwenye silinda, inapovuta hewa ya wizi kupitia ufa.

Kisha soma plagi zenyewe. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi. Oili ni ringi au gaidi za valvu, yaani mirija ambamo valvu hupita. Plagi moja iliyosafika kama imeoshwa, huku nyingine zikiwa na rangi ya kahawia, inaonyesha maji ya radieta yanaingia humo. Na ukiona kauri nyeupe yenye vitone vidogo vya alumini vinavyong'aa, maradhi mawili yamekutana: injini imegonga muda mrefu, pistoni imeanza kuyeyuka, na silinda inamisi kwa sababu hiyo. Gari hilo livutwe kwa kamba hadi gereji na hedi ifunguliwe.