Mwenzako hakuandika upya faili lote

Juzi hapa Tudor vijana wawili nusura wakosane. Mmoja alirekebisha neno moja kwenye kompyuta yake ya Windows. Mwenzake wa Linux akaona mistari yote imebadilika, akaamini kazi yake imefutwa ikaandikwa upya. Sivyo, ndugu zangu.

Kilichobadilika ni alama isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Linux na macOS humaliza mstari kwa baiti moja, namba 10. Windows huweka mbili, 13 kisha 10, mazoea ya enzi za mashine za kuchapa: moja ilirudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni, nyingine ilisogeza karatasi. Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, hulinganisha baiti, hivyo moja ikizidi, mstari huo kwake ni mpya. Jaribu `git diff --ignore-cr-at-eol`, utaliona lile neno moja tu.

Wengi hushauri kila mtu aweke `core.autocrlf`, mpangilio wa Git unaogeuza alama hizo zenyewe, yaishe. Hayaishi. Mpangilio huo hukaa kwenye mashine ya mtu, na anayejiunga kesho hatakuwa nao. Kanuni iandikwe ndani ya mradi wenyewe, katika faili la `.gitattributes`:

`* text=auto`
`*.sh text eol=lf`

Mstari wa kwanza huiachia Git itambue faili za maandishi na kuzihifadhi kwa baiti 10 pekee; wa pili hulazimisha skripti za `.sh`, yaani faili za amri, zibaki hivyo kwenye kila mashine. Huo wa pili msiuache, nawasihi: skripti yenye baiti 13 kwenye mstari wake wa kwanza hugoma kabisa kwenye Linux. Kisha endesheni `git add --renormalize .` mara moja, ili kanuni hiyo itumike pia kwa faili zilizokwisha kuwemo, na badiliko hilo mlihifadhi peke yake, lisichanganywe na kazi nyingine.